Glovu ya Kushoto ya Idrisa

Vijana wa stoo, mmenitumia ujumbe mara tatu mkitaka niwaandikie mambo ya kazi. Haya, naandika. Lakini mjue kwamba naandika kwa kukaa na kuinuka, maana tangu nistaafu sijakizoea kiti. Hapa Malindi, hii ya milimani Lushoto, baridi ya asubuhi haina huruma. Wenzangu wa rika langu wanajifunika blanketi mpaka jua litoke, mimi saa kumi na moja nimeshasimama uani natafuta kitu cha kuanika. Juzi mke wangu aliniambia, "Baba Nuru, hizo soksi ulizifua jana." Kweli nilizifua jana.

Habari za vyeo sitaeleza, sikuwa navyo. Za mshahara tuziache, tusiharibiane siku. Nitaeleza nilivyofundishwa kazi ya kutunza vifaa, halafu nitaeleza msimu mmoja wa Klabu Bingwa Afrika, ambao mpaka leo ndio unaoniinua kitini.

Mimi nilikuwa fundi cherehani sokoni Lushoto, nashona sare za shule. Nilishuka Dar es Salaam kwa ndugu yangu, na klabu yetu ikawa inatafuta mtu wa kushona namba kwenye jezi. Siku ya kwanza mtunza vifaa wa wakati ule, Mzee Tamimu, Mzaramo mfupi mwenye maneno mengi, alinikabidhi mfuko wa viatu vya mazoezi akaniambia nitoe tope. Nikatoa tope. Nilitumia maji ya moto, kama tunavyofua kwetu kwenye baridi, na soli za jozi nne zikabanduka zote kwa pamoja. Mzee Tamimu aliziokota moja moja, akazipanga chini.

"Huko kwenu milimani," akauliza, "viatu mnavila na nini?"

Nikaitwa Mpika Viatu kwa miaka miwili. Lakini hakunifukuza, na kila ninachokijua nilikipata kwake. Aliniambia nitembee na sindano tatu za kujazia mpira: moja kwenye mfuko wa vifaa, moja kwenye soksi yangu, na moja ambayo simwambii mtu. Jezi za mechi ya ugenini zisipelekwe na mizigo ya ndege hata siku moja, nizipakate mwenyewe kama mtoto mchanga. Glovu za golikipa nizifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya watoto, nizikamue kwa kuzibonyeza bila kuzisokota, nizianike kivulini. Na nikishazianika nizisome. Kiganja cha glovu kinaonyesha kipa amefanya kazi gani: pale palipochubuka ndipo mpira ulipopiga. Mzee Tamimu alikuwa akiangalia glovu mbili anakwambia mwenye nazo anaruka upande gani vizuri na upande gani anaogopa. Nilidhani ni maringo ya kizee. Baadaye nikaweza na mimi.

Jambo ambalo hakunifundisha, kwa sababu alikuwa akiliogopa, ni kamati ya ufundi. Mnaoanza kazi msidanganyike na jina. Kamati ya ufundi kwenye klabu zetu haina habari na kocha. Ni wale wazee wenye mashati mazuri wanaoamua tuingie uwanjani kwa mlango gani, nani asishikane mkono na nani, na kwa nini wachezaji wabadilishe nguo ndani ya basi wakati chumba kipo. Mara moja tulibadilisha kwenye basi kwa sababu mwenyekiti alinusa kitu kibaya chumbani. Ilikuwa rangi mpya ya ukutani. Tulilipishwa faini na mechi tukafungwa.

Msimu ninaousema, mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa Mzee Kibwana. Tulivuka raundi za mwanzo vizuri, tukaingia hatua ya makundi, halafu tukafungwa nyumbani mbili bila. Kesho yake Mzee Kibwana akasema mbele ya viongozi, "Vifaa vimechezewa." Basi. Hakunitaja jina, na hakuwa na haja, maana vifaa vilikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Katika klabu zetu mtu akishasemwa hivyo, anaanza kufungasha virago polepole.

Mechi iliyofuata ilikuwa ugenini, kwenye mji ulio juu sana ambako hewa ni nyepesi. Kocha akataka wachezaji wazoee milima, na ndiyo sababu kambi ikawekwa Lushoto. Nilirudi kwetu na timu nzima nikiwa na furaha kama ya bwana harusi. Siku ya pili nikiwa napanga koni uwanjani, Mzee Kibwana akanifuata amevaa makoti mawili.

"Mshambaa, hapa si ndio kwenu?"

"Ndiyo, mzee. Kwetu Malindi, kule juu."

"Basi nataka kitu cha kwenu."

"Viazi vipo, mzee. Na karoti, na kabichi."

"Usinichezee! Watu wanapanda milima hii kutoka nchi nzima kufuata dawa. Wewe umezaliwa humu humu, unaniletea habari za karoti?"

Nikamwambia baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri, na nyumbani kwetu dawa zilikuwa mbili tu, kwinini na Zaburi. Hakucheka. Alinisogelea mpaka nikanusa tangawizi aliyokunywa.

"Tumefungwa na vifaa vilikuwa kwako. Nakuomba dawa, unakataa. Sasa mwenyewe niambie, nikuelewe vipi?"

Nilikuwa na watoto watatu shuleni. Sisemi ili mnionee huruma, nasema mjue nilichokuwa nakifikiria nilipopanda gari kwenda Malindi. Mama yangu alikuwa bado hai. Nilimkuta jikoni, nikamwamkia, nikachota majivu ya moto wake kwenye kopo. Nikachuma majani makavu ya mkaratusi njiani, nikayasaga nikachanganya. Halafu nikatoa bitana ya bukta mbovu, nikakata, nikashona pakiti ndogo ishirini na tatu, kila moja ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Kushona najua.

"Yoeli, mbwai?" mama akauliza kwa Kishambaa. Nini hicho?

"Dawa ya kuondoa harufu kwenye viatu, mama."

"Na harufu yenyewe unaishonea hivyo?"

Alinifungia plamu za wachezaji kwenye kitambaa, akaniambia niwasalimie. Nilikuwa nimemdanganya mama na nakwenda kumdanganya mwenyekiti, kwa kopo moja la majivu.

Mzee Kibwana alizipokea pakiti kwa mikono miwili, akawaambia wachezaji ni dawa niliyoileta kutoka kwetu. Nikaambiwa nizishone kwenye pindo la bukta za wote, na ya golikipa niishone ndani ya mkanda wa glovu ya kushoto, pale panapofungwa kifundo cha mkono. Nikashona. Tukaenda kwenye ule mji wa juu, na tukiwa tunaongoza moja bila, zimebaki dakika chache, mwamuzi akatoa penati dhidi yetu. Golikipa wetu, Idrisa, mtu wa Ujiji, mrefu na mkimya, aliinua mkono wake wa kushoto, akaubusu pale kwenye mkanda wa glovu. Kisha akaruka kushoto, akaudaka mpira wote, hakuutema.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Halafu nikakumbuka alichobusu, nikakaa.

Toka siku hiyo nikawa mtu mwingine. Wachezaji ambao walikuwa wakinirushia soksi chafu bila kunitazama wakaanza kunipa shikamoo kwa kuinama. Kiti changu kwenye basi kikawa cha mbele. Mtu akifunga bao anakuja kunishika bega. Je, niliwaambia ukweli? Thubutu! Niliipenda ile heshima, vijana, sitawaficha. Nilikuwa naiona ni ya uongo na naitamani hivyo hivyo, na ndiyo maana kukaa kitako kulinishinda. Chakula nakula nimesimama, mazoezini nazunguka uwanja kama nimepoteza ufunguo.

Robo fainali ilikwenda mpaka kwenye mikwaju ya penati, na Idrisa akadaka mbili. Magazeti yakamwita kila jina zuri. Yeye alipoulizwa na waandishi alisema tu, "Siyo mimi," na akanitafuta kwa macho.

Tukafika nusu fainali, hatua mbili tu kutoka kwenye kombe. Mechi ya kwanza tulicheza nyumbani, tukashinda moja bila. Katikati ya kipindi cha pili Idrisa aliruka juu ya mshambuliaji wao, akaangukia mkono wa kushoto. Alilala kidogo, daktari wetu akatoka mbio na begi lake, Idrisa akainuka akampungia arudi. Akamaliza mechi.

Jumatatu akaja stoo. "Mzee, glovu ya kushoto inanibana. Nipe namba kubwa." Idrisa alikuwa akivaa namba tisa tangu nimjue. Nikampa namba kumi na moja ya kushoto, nikaishonea pakiti yake kwenye mkanda, na akaenda zake. Mzee Tamimu angemuuliza mkono umeongezeka lini. Mimi nilikuwa nafungasha jezi za safari, nikaona ni mambo ya makipa, nao wana mambo.

Tulifika ugenini Jumatano, mechi ikiwa Jumamosi. Alhamisi mchana, baada ya mazoezi, niliazima chumba cha kufulia cha hoteli, nikafua glovu zake, nikazianika juu ya kiti. Nikazisoma. Kiganja cha kulia kilikuwa kimechubuka chote. Kiganja cha kushoto kilikuwa kipya kabisa, kama kimetoka dukani. Siku tatu za mazoezi, mpira haujagusa mkono ule.

Nikamwita kule kule kwenye chumba cha kufulia, nikafunga mlango.

"Idrisa, mkono umefanya nini?"

"Mzima, mzee."

"Vua hiyo jaketi."

Akasita, halafu akavua. Kifundo kilikuwa kimeumuka kama andazi, na ngozi imegeuka rangi. Na pale pale juu ya uvimbe, kwa uzi mweusi, alikuwa amejifunga pakiti mbili.

"Yanapungua maumivu," akasema upesi upesi. "Yangu nimeifumua kwenye mkanda wa glovu, nimeongeza ya Mwita wa benchi, yeye hachezi. Inashika, mzee. Daktari akijua atanitoa. Nimebakiza mechi hii na fainali tu. Nakuomba."

Nilichukua mkasi wangu wa kufumulia, nikakata uzi wa pakiti moja, nikamwaga vilivyomo juu ya taulo jeupe.

"Tazama. Haya ni majivu ya jikoni kwa mama yangu. Na haya ni majani ya mkaratusi, ile miti ya nguzo za umeme. Hakuna kingine. Nilitunga mwenyewe kwa sababu ya kuogopa kufukuzwa. Nenda kwa daktari, mwanangu."

Idrisa aliangalia taulo, akaniangalia mimi. Nilitegemea anitukane au acheke. Badala yake aliinama, akaanza kuyakusanya yale majivu kwa kidole, taratibu, akiyarudisha kwenye kitambaa, asiache hata chembe.

"Wamekupa nini, mzee?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Nani?"

"Hawa. Tumefika jana, leo unanimwagia dawa. Wamekupa nini?"

Nikamwapia kwa Mungu. Akasema wanaouza mechi nao huapa, akatoka.

Haikupita nusu saa, Mzee Kibwana akanifuata kule kule kwenye mashine za kufulia. Hakukaa. "Golikipa wangu anacheza Jumamosi," akasema. "Ukifungua mdomo wako kwa daktari, kazi huna. Na Dar nzima nitaiambia umetuuza."

"Mzee, ule mkono umevunjika."

"Wewe ni daktari? Wewe ni mfua soksi."

Hapo nawaambia ukweli ambao sijawahi kumwambia hata mke wangu. Nilifikiria kunyamaza. Nilipanda na kushuka ngazi za ile hoteli mpaka jioni, nikijiambia ni dakika tisini tu, mkono hautakufa kwa dakika tisini, na tukifika fainali nani atauliza majivu? Wageni wa hoteli walikuwa wakinipisha kwenye ngazi wakidhani nina dharura. Kilichonirudisha ni jambo dogo. Nilipita karibu na meza ya chakula nikamwona Idrisa anajaribu kumenya chungwa. Mkono wa kushoto ulishindwa kulishika. Likamponyoka, likabingirika chini ya meza, na yeye akatazama huku na huku kuona kama kuna aliyeona.

Nikaenda kuchukua glovu, nikazipeleka kwa Dokta Neema, daktari wa timu, nikaziweka mezani kwake zimelala sambamba, viganja juu.

"Nisome nini hapa, mzee wangu?" akauliza.

"Hiki kimechubuka. Hiki hakijaguswa siku tatu."

Aliangalia mara moja tu, akainuka.

Picha ya mionzi ilionyesha kwamba kifupa kidogo cha kwenye kifundo kimevunjika. Dokta alituambia, mimi na kocha, kwamba mpira mmoja mzito tu ungetosha: mfupa ule ungekosa damu, ungekufa, na mkono usingefumba tena vizuri maisha yake yote. Golikipa asiyeweza kufumba mkono! Na ana mke na watoto wawili Ujiji.

Ijumaa jioni nilisimama mbele ya timu nzima nikaeleza yote, kopo, majivu, mkaratusi. Kuna waliocheka na kuna waliotema mate. Mwita akaniuliza kama mama yangu anatoza. Lakini kesho yake nilipokusanya bukta baada ya mechi, pakiti saba zilikuwa bado zimo kwenye pindo. Walicheza nazo hivyo hivyo.

Tulifungwa mbili bila, tukatolewa. Golikipa wa akiba alijitahidi na asilaumiwe. Kwenye uwanja wa ndege nyumbani mashabiki waliniimbia msaliti, na Mzee Kibwana aliitimiza ahadi yake neno kwa neno. Nilisimamishwa kazi. Baada ya wiki tatu nikarudishwa, kwa sababu ligi ilikuwa inaendelea na hakuna aliyejua ufunguo upi ni wa kabati lipi. Msicheke. Wekeni funguo zenu bila alama, zitawasaidia siku moja.

Idrisa alifungwa hogo, ile plasta ngumu ya hospitali, kutoka vidoleni mpaka karibu na kiwiko. Alikuwa akija mazoezini kutazama wenzake, na njia ni moja, lazima apite mlangoni kwa stoo. Alipita kila siku bila shikamoo. Mimi ni wa umri wa baba yake. Bora angenipiga. Nilimweleza kila mtu kwamba simlaumu, na usiku nilikuwa namlaumu, halafu najilaumu, halafu naamka kufua.

Ilipita zaidi ya miezi miwili. Siku moja mchana nikiwa nabandua namba za jezi za msimu uliokwisha, kivuli kikaziba mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Idrisa. Pita."

Hogo lilikuwa limetolewa. Mkono ulikuwa umekonda, ngozi imepauka. Akakaa juu ya sanduku la mipira, akawa anafumba na kufumbua vidole kama daktari alivyomwagiza. Vilikuwa vinafumba. Niliendelea na namba zangu, maana niliogopa nikimtazama ataondoka.

"Yalikuwa majivu kweli?" akauliza.

"Majivu, Idrisa."

"Hata kule juu? Ile penati ya kwanza?"

"Hata kule."

"Na zile mbili za robo fainali?"

"Majivu yale yale. Kopo lilikuwa moja."

Nje vijana wa timu ya pili walikuwa wakipiga danadana na kuhesabu kwa sauti. Nilisubiri aniulize kwa nini nilimfanyia vile, na jibu nilikuwa nimeliandaa miezi yote ile. Hakuuliza hilo.

"Kwa hiyo mzee," akasema, "nilidaka mwenyewe?"

Nikaweka mkasi chini. Muda wote ule nilijua nimeuweka hatarini mkono wa mtu. Sikuwa nimejua kwamba nilimnyang'anya na penati zake, tatu, mbele ya maelfu ya watu, na kwamba hajapata kuifurahia hata moja.

"Mwenyewe," nikamwambia. "Zote. Nisamehe."

Alikuwa analia ameinamisha kichwa, na kwa vidole vya ule mkono uliopona alikuwa anahesabu polepole juu ya goti lake: moja, mbili, tatu.